Alhamisi ya Kuhesabiwa

Mtaalamu aliyepanda Ibaba mwezi wa nne hakushuka garini haraka, kwa sababu ukungu ulikuwa mzito na viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Alikaa ndani, kioo kimefungwa, akawatazama watu waliosimama nje ya ofisi ya kata kama mtu anayengoja mvua ikatike. Gwantwa Kibona alimwona vizuri. Alikuwa ameegemea mkongojo wake karibu kabisa na mlango wa gari, na hakusogea. Kijana yule atapita kwa ubavu, alisema moyoni. Na kweli, akapita kwa ubavu.

Jina lake Ferdinand. Alitoka kwenye mradi wa usafiri wenye ofisi Tunduma, na mkononi alikuwa na kishikwambi alichokifunika kwa koti kisilowe, koti ambalo yeye mwenyewe alilihitaji zaidi. Ndani ya kishikwambi hicho, Gwantwa alijua, ndimo yalimokuwa maisha yake.

Miaka miwili nyuma alianguka na bodaboda kwenye mteremko wa kwenda Itumba, wakati wa masika, nyonga ikavunjika. Daktari alimwambia wazi kwamba akipanda pikipiki tena, asije kumtafuta. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa kliniki Tunduma. Kwa muda mrefu alishushwa kwa gari za viazi, amelazwa juu ya magunia, mpaka mradi ulipoleta basi la majaribio: Coaster ya Danieli, mtu wa Itaka, iliyofika juu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja asubuhi, na kurudi jioni. Mradi ulilipia mafuta. Majaribio yalikuwa yaishe mwezi wa sita.

Na binti yake Ikupa, anayewauzia Wazambia vitenge pale mpakani, alikuwa ameshasema neno lake. Basi likibaki, mama abaki kwake kilimani. Basi likiondoka, mama anashuka Tunduma, chumba kipo, mtaa wa Sogea, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Gwantwa alikikumbuka chumba hicho. Alilala humo miezi mitatu nyonga ikiunga. Usiku alimsikia jirani akikohoa, mchana alisikia malori yakinguruma foleni nzima kuelekea forodhani, na choo walichangia kaya sita. Alitoka pale ameapa. Sasa kiapo chake kilikuwa kinategemea kijana mwenye viatu vya ngozi.

Ferdinand aliongea kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera Gwantwa zaidi. Alieleza kwamba basi linafuata watu, na watu wanapimwa kwa kilomita ya mraba. Tunduma, alisema, kwenye kilomita moja unawapata maelfu, wamepangana, basi likisimama mara moja linajaa. Ibaba nyumba moja iko kwenye mgongo huu wa kilima, ya pili iko ng'ambo ya bonde, na katikati kuna mahindi. Basi litamfuata nani? Akasema mradi una magari machache, na upo mstari mwingine unaoyataka, wa Mpemba hadi mpakani. Yaani pale ambapo bajaji zinagombania abiria kama kuku wanaogombania punje, ndipo panapoongezewa basi. Na pale ambapo hakuna kitu, panaambiwa pajieleze kwa nini hakuna kitu.

Aliongea kana kwamba watu wa milimani walitawanyika kwa ukorofi. Hakuna aliyemweleza kwamba pale mtoto wa kiume akioa hupewa mgongo wake wa kilima ajenge kwenye shamba lake, alinde mahindi yake na nyani. Wala hakuna aliyemweleza habari ya wakwe. Kwa familia za zamani za Ileje, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, anaacha njia. Sasa jenga nyumba kumi kwenye mstari mmoja uone huyo mwanamke atapita wapi kwenda kuteka maji.

Mwisho Ferdinand akasema atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata kuhesabu. Wakipatikana ishirini, basi litabaki. Wasipofika ishirini, basi. Clement, mwenyekiti wa kitongoji, akauliza waandae nini.

"Msijisumbue, baba," Ferdinand akajibu. "Mimi nahesabu tu."

Hakusema atakaa wapi. Hakusema ishirini gani. Kwake jambo lilikuwa wazi mno kiasi kwamba halikuhitaji maneno, na hayo ndiyo maradhi ya watu waliosoma: wanachokijua wao wanadhani kimejulikana na dunia nzima.

*

Gwantwa hakulala vizuri siku zile. Alikuwa na umri wa miaka tisa mwaka wa sabini na nne, na kichwa chake hakikuwahi kusahau kitu. Wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa watu waliteremshwa kutoka vilimani wakakusanywa bondeni, nyumba kwa nyumba, mstari kwa mstari, wakiambiwa wakikaa pamoja huduma zitawafuata. Kabla ya kuteremshwa alipita mwandishi na daftari, mlango kwa mlango, kuandika wenye mashamba. Siku hiyo baba yake Gwantwa alikuwa amekwenda Isongole kutafuta chumvi. Mwandishi alimkuta mama na watoto. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi, akaambiwa anarudi jioni. Akaandika neno moja: hayupo. Shamba la kahawa la baba yake, miche aliyoipanda kwa mikono, lilipewa mtu mwingine aliyekuwa amekaa nyumbani siku hiyo akinywa uji. Mzee alikwenda ofisini miaka kumi na moja kuuliza. Kila mara walifungua daftari wakamwonyesha neno.

Kwa hiyo Gwantwa alijua namna watu wanavyohesabiwa. Wanahesabiwa mlangoni kwao. Asiyekuwepo, hayupo.

Jumapili, ibada ilipokwisha, alisimama nje ya kanisa, akagonga mkongojo kwenye jiwe mpaka watu wakanyamaza. Aliwaambia habari ya baba yake, ambayo nusu yao waliijua na nusu ya pili walikuwa hawajazaliwa. Aliwaambia Alhamisi mtu asithubutu kusafiri. Mwenye mgonjwa amsogeze mpaka Jumamosi. Mwenye viazi vya kupeleka Tunduma avifukie, havitakimbia. Kila mtu akae kwake, afagie uwanja, avae nguo safi, mgeni akifika amkute. Clement alisimama akaunga mkono, akaongeza kwamba zaidi ya hayo, mgeni akija kwenu nanyi mkaondoka siku hiyo hiyo, hiyo ni dharau, na atakayeonekana barabarani atakuja kujieleza kitongojini. Watu wakatawanyika wamekubaliana. Ilikuwa nadra Ibaba wote kukubaliana, na Gwantwa alirudi nyumbani anachechemea kwa furaha.

Alhamisi aliamka mapema, akafagia uwanja kwa mkono mmoja, akavaa kitenge alichopewa na Ikupa, akatoa viti viwili nje. Akachemsha chai, akaifunika. Saa moja akasikia honi ya Danieli kule chini, njia panda ya mashine ya kusaga. Honi ililia mara ya pili, halafu ya tatu, ndefu, kama ya mtu anayeshangaa. Gwantwa alicheka peke yake. Honi haikupata mtu. Vizuri, alisema, wote wako majumbani.

Ukungu ukaondoka. Akauona moshi wa majiko kwenye migongo ya vilima, kila mji wa mtu umetulia, kila mlango una mtu. Hakuwahi kuiona Ibaba imejaa namna ile.

Hakuja mtu saa tatu. Hakuja mtu saa saba. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa. Saa kumi alipanda Tumpale, mwenye mashine ya kusaga, unga bado uko kwenye kope. Alikaa kwenye kiti cha mgeni bila kukaribishwa. Akamweleza kwamba mtaalamu alikuja tangu alfajiri, akakaa kwenye benchi la mashine na kishikwambi chake, akala mayai mawili ya kuchemsha. Basi lilipofika alihesabu waliopanda. Walipanda wanne: wafanyabiashara wawili wa Malawi, mwalimu aliyekuwa anakwenda likizo, na mlevi mmoja aliyeteremshwa kabla ya kona ya kwanza. Saa tatu mtaalamu alikuwa ameshaondoka.

"Hukumwambia watu wako wapi?" Gwantwa aliuliza.

"Aliniuliza. Nikamwambia wako nyumbani wanakusubiri. Akacheka. Alidhani nafanya utani."

Gwantwa aliitazama birika. Halafu akaimwaga chai yote kwenye uwanja alioufagia.

*

Matokeo yalisomwa Tunduma, ukumbini, wiki tatu baadaye. Ibaba iliruhusiwa wajumbe watatu, wakateuliwa Clement, Tumpale na Gwantwa, huyu wa mwisho kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia. Garini Clement aliwapanga. Watasema Alhamisi ile kulikuwa na msiba. Msiba kila mtu anauelewa. Watu wote wanakwenda kuzika, hakuna anayesafiri, hakuna wa kulaumiwa. Mama Ikupa, alisema, wewe leo nyamaza. Gwantwa hakujibu, na Clement, ambaye alimfahamu tangu wakiwa watoto, angepaswa kuogopa jibu hilo.

Ukumbini kulibandikwa ramani kubwa. Tunduma ilipakwa rangi nyekundu kama nyama mbichi, mitaa ya Mwaka, Sogea, Majengo, mpaka barabara ya Mpemba. Kadiri ulivyopanda milima ya Ileje rangi ilififia, na Ibaba ilikuwa nyeupe kabisa. Gwantwa alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Weupe ule ulianza mtoni na kumeza mgongo wake wa kilima, wa Clement, na makaburi ya wazazi wake. Mtu asiyejua angedhani hapo hakujawahi kukohoa mtu.

Aliyeongoza kikao ni mkuu wa mradi, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Priska, mzaliwa wa Mbozi, mtu asiyependa maneno mengi. Ferdinand alisoma takwimu zake. Tunduma hivi, Mpemba vile, Ibaba abiria wanne. Akasema, kwa ile adabu yake, kwamba mradi hauna ubaya na watu wa milimani, ila wangekuwa wanakaa pamoja kama wenzao wa mjini, basi lingewafuata lenyewe.

Clement akasimama na msiba wake. Aliuleta vizuri, kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Priska akampa pole, akashika kalamu.

"Marehemu ni nani, baba?"

Clement alifungua mdomo. Walikuwa wameupanga msiba wote, mazishi, matanga, hata mvua iliyonyesha kaburini, lakini hawakupanga maiti. Akamtazama Tumpale. Tumpale akatazama viatu vyake.

Gwantwa akasimama. Mkongojo uliteleza kwenye vigae, akajishika kwenye meza ya Ferdinand, na kishikwambi kikasogea.

"Hakufa mtu," alisema. "Niliwazuia mimi. Niliwaambia wakae nyumbani wahesabiwe."

Ukumbi ukacheka. Wa Mpemba walicheka zaidi, maana basi lilikuwa linakwenda kwao. Gwantwa aliwaacha wamalize. Halafu akaeleza kwa kirefu: daftari, chumvi ya Isongole, neno hayupo, miaka kumi na moja. Akaeleza viwanja vilivyofagiwa na chai zilizopikwa Alhamisi ile kwenye kila mji. Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyoacha kucheka, isipokuwa mmoja nyuma aliyechelewa kuelewa. Mwisho akamgeukia Ferdinand.

"Wewe unasema tungekaa pamoja. Tulikaa, mwanangu. Baba yako alikuwa hajaoa. Tulibananishwa bondeni miaka saba, kuku wa huyu analala kwa yule, kuhara kukiingia kwa mmoja kunamaliza mstari. Wakasema basi litakuja. Nimelisubiri nikiwa na miaka tisa mpaka nikavunja ungo, halikuja. Tukarudi kwenye mashamba yetu. Sasa unataka nibanane tena ndipo unihesabu?"

Ferdinand alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alihesabu alichokiona.

"Ulikaa kwenye benchi," Gwantwa alimjibu. "Ukala mayai. Ungepanda kilima kimoja tu ungetuona."

Priska aligonga meza. Aliandika kidogo, halafu akasema uamuzi wake bila kumtazama yeyote. Ibaba itahesabiwa tena mara moja tu, kabla mwezi wa sita haujaisha. Siku haitatangazwa. Kinachohesabiwa ni mtu anayepanda basi pale njia panda, si mtu aliyekaa kwake, hata akiwa amepika pilau. Wakifika ishirini basi linabaki. Pungufu ya hapo, hata wakiwa kumi na tisa, tarehe moja mwezi wa saba linakwenda Mpemba.

Wakati wa kurudi Clement hakukaa karibu na Gwantwa. Walipoteremka njia panda alisubiri mpaka Tumpale akaenda mbele.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mama Ikupa. Mimi mwenyekiti. Nimekuwa mwongo, tena mwongo mjinga."

"Mimi nimejivua mwenyewe kwanza."

"Hiyo ni juu yako. Kuanzia leo usiniletee salamu zako."

Na ikawa hivyo. Habari ilifika kila mji kabla ya jioni, na ilipofika ilikuwa imeongezwa chumvi: kwamba ni Gwantwa aliyewanyima basi, na aliyekwenda kuwachekesha watu wa Mpemba kwa ujinga wa Ibaba. Kanisani watu walisogea benchi lake likabaki na nafasi. Alhamisi ile ikapewa jina lake. Mtu akipoteza kitu kwa uzembe, walisema amefanya Alhamisi ya Mama Ikupa. Naye hakuweza tena kusimama nje ya kanisa na kugonga jiwe. Alitamani kuwaambia watoke, wasafiri, wajaze gari kila siku, lakini alijua safari hii angesema kushoto wangekwenda kulia. Ikupa alipiga simu akasema mwenye nyumba wa Sogea anataka jibu mwisho wa mwezi.

*

Jumanne ya wiki ya tatu ya mwezi wa sita baridi ilikuwa kali, nyasi zimeganda nyeupe. Ilikuwa siku ya kliniki. Gwantwa aliteremka taratibu kwa saa moja na nusu, na alipofika mashine alimkuta Ferdinand kwenye benchi. Hakukuwa na gari. Alikuja usiku kwa bodaboda, amevaa mabuti ya mpira, matope yamempanda mpaka magotini. Tumpale alikuwa ndani anafunga mkanda wa mashine na hakujua mgeni wake ni nani, maana kijana alijifunika skafu mpaka machoni.

Gwantwa alimtambua kwa kishikwambi chake, akakaa kando yake. Hakumsalimu, na Ibaba kukaa kando ya mtu bila salamu ni kama kumtemea mate.

"Shikamoo, mama," Ferdinand akasema.

Shikamoo haiachwi chini. "Marahaba," akajibu, kama anayelipa faini.

Hakumwambia mtu. Angesimama tu akapaza sauti, vilima vyote vingesikia. Lakini hakuna ambaye angemfuata, na wengine wangegeuza njia makusudi. Akawa anahesabu kwa vidole chini ya kitenge.

Walianza kutokea mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kijia chake, kama wanavyotokea siku zote. Mwanamke na debe la viazi. Wanafunzi wawili. Mtu na mbuzi. Kasiani, fundi cherehani, na mgongo mbaya. Hawakuja kwa kundi, wala hawakupanga mstari. Mlima ulikuwa unawatoa taratibu. Wengi walimwona Gwantwa wakatazama pembeni. Danieli alipofunga breki walikuwa bado hawajamaliza kufika. Clement alitokea kwa haraka, akapita mbele yake kama anapita kisiki, akapanda, akakaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva.

Kidole cha Ferdinand kilikuwa kinagusa kioo kila mguu ukikanyaga ngazi. Kisha kikatulia.

"Kumi na nane," alisema. Hakusema kwa ubaya. Danieli alikwishaanza kupiga honi ya kuondoka.

"Bado mmoja," Gwantwa alisema. "Yuko nyuma ya mashine."

"Kwa nini hapandi?"

"Baba mkwe wake amekaa mlangoni. Atapitaje?"

Ferdinand alimtazama kama alivyomtazama Tumpale siku ile ya mayai. Safari hii hakucheka. Gwantwa alishika mkongojo, akaenda mpaka dirisha la kiti cha kwanza, akaligonga. Hakuwa ameongea na Clement kwa wiki nne.

"Mke wa mwanao yuko nyuma ya mashine na tumbo la miezi minane," alimwambia. "Anakwenda kliniki. Hama ukakae nyuma, ugeuze uso dirishani."

Clement alikaza shingo. Halafu akanyanyuka na kofia yake, akatembea mpaka kiti cha mwisho kabisa, akaugeuza uso kwenye kioo. Yunisi, mke wa mtoto wake, akatoka nyuma ya mashine amejifunika kitenge kichwani, akapanda mbele bila kutazama.

Kumi na tisa.

"Na wewe, mama?" Ferdinand aliuliza. "Hujapanda."

Gwantwa aliweka mguu mzima kwenye ngazi na kusimama hapo, mlango wote umejaa yeye. Danieli alimwomba apande, wamechelewa. Hakusogea.

"Nionyeshe," akamwambia Ferdinand.

"Mama, nitaandika, nakuahidi."

"Baba yangu aliahidiwa. Geuza nione."

Kijana aligeuza kishikwambi. Kulikuwa na matone ya ukungu, akayafuta kwa kiganja. Kumi na tisa. Mbele ya macho yake akagusa kioo, namba ikabadilika ikawa ishirini, na chini yake akaandika tarehe na jina la kituo. Gwantwa alisoma herufi zote, taratibu, kama anayetafuta neno moja analolijua. Hakuliona. Ndipo akauvuta mguu mbovu akaingia.

Walipokuwa bado wanafunga mlango, mtu na mtoto wake walitokea mbio wakitoka ng'ambo ya bonde wakipunga mkono, na Danieli akawasubiri. Ferdinand aligusa kioo mara mbili zaidi. Aliinua mkono kumuaga Gwantwa. Gwantwa alimwona, akakaa bila kuuinua wa kwake.

Hakuna aliyempisha. Alikaa kwenye gunia la viazi nyuma, karibu na Clement, ambaye bado alikuwa ameshikilia uso wake dirishani kwa ajili ya Yunisi. Walipita kona ya kwanza, na ya pili. Clement aliongea na kioo.

"Yule pale mashine ni yule kijana?"

"Ndiye."

"Tuko wangapi?"

"Ishirini na wawili."

Clement hakumshukuru, wala hakumrudishia salamu zake. Lakini aliuvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha kando yake, akauweka magotini.

Mtandao ulipopatikana, karibu na Itumba, Gwantwa alimpigia Ikupa. Akamwambia kile chumba cha Sogea apewe mtu mwingine. Ikupa akaanza kusema habari za nyonga, na za kliniki, na za mtu mzima kuishi peke yake kilimani.

"Nakuja kliniki," Gwantwa alimkatiza. "Jioni narudi kwangu."

Akakata simu, akahamia kwenye kiti kile cha kando ya Clement.